Taa kwanza, meza pili, mchezo mpya baadaye

Swali

Assalaam alaykum, mhandisi. Mimi na kaka zangu wawili tuna kiwanja cha michezo ya watoto huku Sahare, Tanga, karibu kabisa na bahari. Tuna mabembea, treni ndogo, vigari vya kugongana, gurudumu dogo la kuzunguka na jumba la hewa la kurukia. Tunafungua Ijumaa hadi Jumapili na siku za sikukuu, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 3 usiku. Shida ni kwamba ikifika saa 12 na nusu watu wanaanza kukusanya watoto, na saa 1 usiku kiwanja ni kitupu. Kaka mkubwa anataka tununue mchezo mpya, mkubwa kuliko yote tuliyonayo. Mimi naona tuweke mahali pa watu kukaa wakala na kuhudumiwa mezani, na tubadilishe taa, maana sasa tuna taa nne kubwa tu juu ya nguzo moja ya katikati. Fedha zilizopo zinatosha kitu kimoja na nusu. Tufanye lipi?

Jibu

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Niko upande wako, ila ningepanga tofauti kidogo: taa zianze, viti na meza vifuate, na wahudumu wa kuzunguka wakichukua oda wasubiri kwanza. Mchezo mpya uje mwakani, ulipiwe na watu haohao ambao leo mnawapoteza saa 1. Kaka yako naye ana hoja, nitaifikia. Lakini nianzie kwenye ile saa 12 na nusu uliyoitaja, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu karibu lote.

Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 jioni, na likishazama giza huingia haraka. Viwanja vikubwa vya burudani ambavyo watu huvitazama kwenye simu na kutamani kuviiga vingi viko katika nchi ambazo mchana wa kiangazi ni mrefu mno. Copenhagen, kwa mfano, mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa 4 usiku. Wao jioni nzima wana mwanga wa bure. Sisi hatuna. Na mchana wetu nao ni mkali: saa 9 alasiri bati la kuteleza linaunguza mapaja ya mtoto, na hakuna bibi atakayekubali kukaa juani kumngojea mjukuu. Kwa hiyo saa zenu za kweli zinaanza saa 11 jioni, joto linapopungua, hadi saa 3 au saa 4 usiku. Nyingi ya saa hizo ni za giza. Mna biashara ya usiku, lakini kiwanja mmekijenga kwa ajili ya mchana.

Juu ya giza kuna Magharibi. Adhana inaingia palepale jua linapozama, na mzazi akiisikia anajiuliza mambo mawili kwa pamoja: nitaswali wapi, na nikitoka kuswali nitawaona watoto wangu? Kama hakuna pa kutawadha wala pa kutandika mkeka, na kila upande ni weusi isipokuwa pale chini ya nguzo, anawaita watoto anaondoka, na ni haki yake. Ndiyo maana kabla hata ya meza nawaomba mtenge msala mdogo, wa wanaume na wa wanawake, wenye bomba la udhu na taa ya kutosha mlangoni. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja humu, na nina imani kubwa kwamba ndio utakaosogeza saa ya watu kuondoka kuliko vyote. Watu wakishaswali wakiwa ndani ya kiwanja, kinachofuata ni njaa, na hapo ndipo meza zako zinapopata kazi.

Sasa kaka. Anasema wateja ni watoto, na watoto wanataka michezo. Ni kweli kwamba mtoto ndiye anayeomba kuja. Anayeamua saa ya kuondoka ni mama, shangazi au bibi aliyekuja naye, na huyo saa zote hizo yuko wapi? Kama ilivyo kwenye viwanja vingi vyetu, amesimama, kashika viatu vya watoto na pochi, au kaegemea uzio. Mtu mzima aliyechoka miguu hafiki saa 2 usiku hata mkimletea gurudumu refu kuliko minazi. Mchezo mpya utaleta wageni kwa miezi kadhaa, utataka mwendeshaji wake, vipuri vyake na ukaguzi wake, kisha utazoeleka. Hautamfanya mtu akae. Na mkiuweka kwenye kiwanja hiki hiki chenye giza, mtakuwa mmenunua mashine ya gharama ifanye kazi saa mbili kwa siku.

Tena historia ya viwanja hivi haiko upande wake. Huko Buena Park, California, kuna kiwanja mashuhuri kiitwacho Knott's Berry Farm. Hakikuanza na mchezo wowote. Walter na Cordelia Knott walikuwa wakulima wa matunda, na mwaka 1934, wakati uchumi ni mbaya, mama huyo akaanza kuwapikia wapita njia kuku wa kukaanga kwa senti 65, akiwaandalia kwenye sahani zake za harusi. Watu wakawa wengi mpaka foleni ya kungoja meza ikawa ndefu mno. Mwaka 1940 mumewe akaanza kujenga kijiji cha mfano wa zamani ili wanaosubiri chakula wapate cha kutazama, na kutoka hapo kikakua kiwanja kizima. Mkahawa ule upo hadi leo. Chakula cha kukaa ndicho kilichozaa michezo.

Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na Georg Carstensen, ilikuwa na mikahawa tangu mwanzo pamoja na bembea za kuzunguka, na usiku ilipambwa kwa taa za rangi. Wakati huo hakuna umeme wa kuwashia mji. Zaidi ya karne na nusu baadaye bado watu wanaijua kwa taa zake na kwa kula humo. Na msije mkadhani haya ni ya Wazungu peke yao. Vukeni mwende Forodhani, Unguja. Ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo ya Aga Khan Trust for Culture, bustani ilipata taa mpya, na usiku wachoma mishkaki na wauza urojo wanajaza watu. Hakuna mashine kubwa hata moja pale, na familia zinakaa mpaka usiku mwingi.

Basi tuje kwenye taa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Zile taa zenu nne juu ya nguzo moja zina makosa mawili. La kwanza ni umbali. Mwanga hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani: ukienda mara mbili ya umbali, unabaki na robo yake. Kwa hiyo chini ya nguzo panang'aa kama uwanja wa mpira, na penye mabembea ya pembeni hapana kitu. La pili ni macho. Jicho likitoka kwenye mwanga mkali kuingia kivulini huchukua dakika kadhaa kuanza kuona vizuri, na kuzoea giza kabisa huweza kufika nusu saa. Maana yake taa kali ya katikati inaongeza giza la pembeni. Mama aliyesimama chini ya nguzo hamwoni mtoto aliye mita thelathini kutoka pale, ilhali yule aliye gizani anamwona mama vizuri sana. Sihitaji kukueleza hilo lina hatari gani kwa watoto wa kike.

Dawa yake ni taa nyingi ndogo, zilizo chini zaidi na zilizosambazwa sawasawa. Nguzo za mita 4, moja kila mita 12 hadi 15 kando ya njia, taa zikiwa na kofia inayoelekeza mwanga chini, zisimchome mtu machoni. Fundi akikuuliza kiasi cha mwanga, mwambie kwa lux, na simu nyingi siku hizi zina programu ya kupimia kwa kukadiria. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata lux 1. Kwa njia za kutembea ningetaka kama 10, mezani 50 hadi 100, mahali pa kupanda na kushuka kwenye michezo 100, na jikoni 500. Usione haya kuacha baadhi ya sehemu na mwanga hafifu, mradi pasiwe na shimo jeusi kati ya taa moja na nyingine. Usawa wa mwanga ni muhimu kuliko ukali wake.

Rangi ya mwanga inaandikwa kwenye boksi kwa Kelvin. Kwa meza na njia chukua 2700 au 3000, mwanga wa manjano ya joto. Zile nyeupe za 6500 zinazouzwa kila duka hufanya ngozi za watu zionekane kama wagonjwa, na wadudu huzipenda zaidi. Baada ya mvua za masika na za vuli unajua kumbikumbi wanavyojaa kwenye taa. Mkiwa na mwanga mweupe juu ya meza, watu watakula na mbawa. Wekeni taa moja nyeupe mbali, kwenye kona isiyokalika, iwavute wadudu huko.

Kwenye boksi hilohilo tafuta namba ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli. Isipungue 80. Zile taa za zamani za rangi ya chungwa za barabarani zina kipimo cha chini sana, na chini yake nyekundu na kijani vyote huonekana kahawia. Wapambaji wa maduka hulijali hili kwa ajili ya nguo na nyama. Mimi nalijali kwa sababu mama aliyempoteza mtoto hutafuta gauni jekundu. Akiwa kwenye taa mbaya, hakuna gauni jekundu. Na nyama ya mshikaki isiyoiva inafichika palepale.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya bei ya chini isiyo na kidhibiti kizuri huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini mashine inayozunguka chini ya taa hiyo inaweza kuonekana imesimama au inakwenda polepole kuliko ilivyo. Kwenye gurudumu na vigari vya kugongana hiyo ni ajali inayosubiri mkono wa mtoto. Kabla ya kununua, iwasheni dukani na muielekezee kamera ya simu. Mkiona mistari myeusi inapita kwenye kioo cha simu, iacheni.

Kwa kuwa mko baharini, chumvi itakula kila kitu. Taa ziwe na alama ya IP65 au zaidi, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. Skrubu na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, maana cha kawaida kitatoa machozi ya kutu mapema. Sanduku za maungio ya waya zisiwe chini ambako maji hutuama. Vilevile, taa zisielekee baharini. Kasa hutaga kwenye fukwe za mwambao wetu, na vitoto vyao vikitoka mchangani hufuata mwanga. Taa ya nchi kavu huwapeleka upande wa kifo.

Usalama wa waya ni jambo ambalo sitalilegeza. Kule Coney Island, New York, mwaka 1904 kilifunguliwa kiwanja kiitwacho Dreamland, kikijivunia taa milioni moja. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911 mafundi walikuwa wakiziba mahali palipovuja kwa lami ya moto, taa zikapasuka, lami ikamwagika gizani, na kufika asubuhi kiwanja chote kilikuwa majivu. Hakikufunguliwa tena. Nyinyi chukueni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, awawekee ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ya kweli iliyopimwa, na kila saketi ya nje iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ikivuja miliampu 30. Taa zote ambazo mkono wa mtoto unaweza kuzifikia, za kwenye uzio, miti na vibanda, ziwe za volti 12 au 24. Na muwe na taa za dharura zenye betri zao penye kila mchezo, chooni na kwenye njia ya kutokea, zinazowaka zenyewe umeme ukikatika. Jenereta haitoshi. Kati ya kukatika kwa umeme na jenereta kushika kuna muda wa giza totoro, na muda huo mna watoto walioko juu ya gurudumu.

Kuhusu Luku, hesabu hii itamfaa kaka yako. Taa nne za zamani za wati 400 kwa saa 5 zinakula uniti 8 kila usiku. Taa 40 za LED za wati 15 kwa saa hizohizo zinakula uniti 3. Mtakuwa na mwanga kila kona na mtalipa chini ya nusu. Zidisheni kwa bei yenu ya uniti na kwa usiku mnaofungua, mtaona taa zinarudisha sehemu ya gharama zake zenyewe.

Mwanga usiishie getini. Kina mama watatoka saa 3 usiku wakiwa na watoto wamelala begani. Kuanzia geti hadi zinaposimama bajaji pawe na taa, na hapohapo muweke mahali pa kufungia baiskeli panapoonekana, kwani Tanga baiskeli ni usafiri wa watu kweli. Choo cha wanawake kiwe na taa ndani, taa nje na mlango unaofungika. Ningeanza kufunga taa huko chooni kabla ya mahali pengine popote.

Sasa meza.

Wazo lako la watu kuhudumiwa mezani ni zuri lakini bado mapema, na sababu yake ni viti. Hesabu ni rahisi: chukua idadi ya watu wanaokuja kukaa kwa saa moja, zidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Tuseme watu 80 wanakaa kula kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Wakichukua chakula kaunta na kukaa robo tatu ya saa, mnahitaji viti 60. Wakisubiri mhudumu, oda, chakula, kisha bili, watakaa saa moja na nusu, na viti vinakuwa 120, pamoja na mishahara ya wahudumu. Na watoto hawasubiri. Wataomba kurudi kwenye treni kabla wali haujafika. Anzeni na kaunta na meza nzuri. Wazee na wajawazito wapelekewe walipo, hilo ni adabu na halihitaji mfumo. Siku mkiona meza zimejaa watu wazima wanaotaka kukaa tu wakaongea, hapo ongezeni upande mdogo wa kuhudumiwa.

Mahali pa kuweka meza ni jambo zito kuliko chakula chenyewe. Kila kiti kiangalie michezo ya wadogo. Disneyland ya California ina mkahawa uitwao Blue Bayou, uliofunguliwa mwaka 1967, ambao umo ndani ya jengo la mchezo wa mashua: walaji wamekaa kwenye mwanga wa jioni ya kutengenezwa, taa ndogo mezani, na mashua za wanaocheza zinapita mbele yao. Hawakuweka mwanga mkali, wala hawakuwatenga walaji mbali. Wakubwa na wadogo wako kwenye jioni moja. Kwenu hilo halihitaji jengo: pangeni meza nusu duara kuzunguka mabembea ya wadogo na treni, bibi awe anamwona mjukuu bila kusimama. Gurudumu na vigari viwe mbali na chakula, na muwashauri watu wasubiri nusu saa baada ya kula kabla ya kuzungushwa, maana anayetapika hewani humharibia kila aliye chini.

Msijenge ukumbi wa zege karibu na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mabanda mepesi ya makuti yanayofumuliwa na kuhamishwa yanafaa zaidi, yanapitisha upepo, na yana uzuri ambao bati haliwezi kuwa nao. Ila makuti na moto ni maadui, kwa hiyo jiko likae kivyake, upande ambao kusi na kaskazi hazitapeleka cheche kwenye paa, na muwaite Zimamoto waje waone kabla hamjafungua.

Nawasihi msikodishe jiko kwa mtu mmoja kutoka mbali akaweka bei za hoteli. Waiteni mama lishe wanne au watano wa Sahare na Ngamiani ambao mji unawajua. Mmoja wa mbaazi na mahamri, mmoja wa samaki, mmoja wa mishkaki na chipsi, mmoja wa pweza, mmoja wa juisi za ukwaju na machungwa ya Muheza. Nyinyi mtoe meza, maji, taa, mahali pa kuoshea vyombo na usafi, wao walipe ada ya siku. Ada isiwe ya kuwakamua, kwa sababu itarudi kwa mteja kwenye bei ya sahani. Wapishi wapimwe afya na bwana afya wa kata ajue mnachofanya. Kwenye joto letu chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisikae nje ya moto au barafu zaidi ya saa 2. Hayo ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, na wali wa nazi na samaki wa kupaka haviyasamehe makosa. Maji ya kunawa na sabuni yawe mwanzoni mwa foleni. Disneyland yenyewe, siku ya kwanza, tarehe 17 Julai 1955, iliishiwa chakula, na mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa kitu kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba. Watu waliiona aibu ile siku nzima. Wekeni tangi la akiba la maji kabla ya kununua hata kijiko.

Na hili nalisema kwa msisitizo: msikataze watu kuja na chakula chao. Najua wamiliki wengi wanakagua vikapu getini. Tanga siku ya Idi familia inatoka na sufuria ya pilau na jagi la juisi, watu kumi na mbili, na kati yao pengine wenye uwezo wa kulipa ni wawili. Mkiwazuia, mtawapata wawili au hamtapata yeyote. Watengeeni mikeka na meza zao upande mmoja, wale chao kwa heshima. Watanunua tiketi za treni, watanunua juisi ya barafu, na mara nyingine watakuja bila sufuria. Ramadhani nayo ina nafasi yake. Kiwanja chenye msala, taa nzuri na meza kinaweza kufungua saa 12 jioni kwa futari ya pamoja na kukaa wazi mpaka baada ya tarawehe, msimu ambao leo bila shaka mnafunga kabisa.

Kuhusu kile kitu kimoja na nusu: taa, waya na msala ndicho kitu kimoja. Meza, mabanda mawili, tangi na jiko la pamoja ndiyo nusu. Kaka yako asijione kashindwa. Mwambie aanze kutafuta huo mchezo sasa, aulizie vipuri na mkaguzi, na apange nguzo za taa zikiacha nafasi utakapokaa.

Kabla hamjatumia shilingi hata moja kati ya hizo, jaribuni. Kodini meza na viti vya harusi kwa Ijumaa na Jumamosi mbili mfululizo, fundi awatundikie nyaya za taa ndogo za manjano juu ya mabembea ya wadogo na njia ya chooni, tandikeni mikeka ya kuswalia, na muwaalike mama lishe wawili. Kila saa, kuanzia saa 12 jioni, mtu mmoja azunguke na daftari aandike familia ngapi bado zipo na wangapi wamekaa. Wikendi nyingine mbili msifanye kitu, ila hesabuni vilevile. Ndugu watatu mkikaa na karatasi hizo mbili mezani, hakutakuwa na haja ya kuniuliza tena.